Picha za Fundi Cherehani

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu rimoti ikose mwenyewe. Ipo palepale kwenye mkono wa kochi lako, imefungwa ule mpira wa kiunoni uliouzungusha ili betri zisidondoke. Mama huifuta vumbi kila asubuhi na kuirudisha mahali pake. Runinga tunaiwasha kwa kidole, tukiwa tumesimama, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuishika.

Mama na ndugu yangu wamenipa kalamu mimi, niandike tangazo hili la kumbukumbu yako. Walisema, karani ni wewe, andika wewe, kana kwamba kutwa nzima nakaa bure. Nimetoka kazini, nimevua viatu, miguu imevimba kwa kusimama dirishani, na huko dirishani nimewaambia watu wasiopungua sitini warudi kesho. Sasa nimekaa kwenye meza ya chakula nikuandikie wewe, ambaye kesho hutarudi. Utanisamehe nikichanganya mambo. Tumechoka, Baba. Watu walituambia mwaka ukitimia tutapata nafuu, na labda nafuu yenyewe ndiyo hii, kuchoka hata kulia.

Wasiokufahamu wataanza kuulizana huyu ni nani, kwa hiyo niwaambie. Ulikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na minne, kwenye kibaraza kimoja, katikati ya duka la madaftari na chumba cha rafiki yako Kinyozi. Nusu ya watoto wa mtaa walisoma ndani ya sare zako. Kila sketi na kila suruali ya shule ulikuwa ukiifichia inchi mbili za ziada ndani ya pindo bila kumwambia mzazi. Mwakani mtoto akirefuka, nguo inaletwa kwa manung'uniko, wewe unafumua pindo, unashusha, unapiga pasi, na mtoto anaondoka na sare ya mwaka mwingine. Wazazi walidhani kitambaa chako kina tabia ya kukua. Hukuwahi kuwasahihisha.

Na ulipenda picha. Ulisema "picha" tangu ujana wako wa kwenye kumbi za sinema, ukabaki hapo hapo. Mjukuu akikwambia "Babu, kuna muvi mpya," ulijifanya humsikii mpaka aseme vizuri.

Jumapili baada ya chakula cha mchana pazia lilivutwa, feni ikageuzwa ielekee kochini, na hapo nyumba ikawa na sheria. Hakuna kuuliza "huyu ni nani?" kabla chai haijaletwa. Anayetoka katikati asirudi kuuliza kilichotokea, akaulize kwa majirani. Na sheria ya juu kabisa, ambayo kila mtoto aliyekaa mbele ya runinga anaijua: steringi hafi. Shujaa wa picha atapigwa, atatupwa mtoni, atachomwa ndani ya ghala, lakini hafi. Uliitetea sheria hiyo kuliko watu wanavyotetea mashamba yao.

Picha ikiisha ulifungua daftari la vipimo. Daftari lilelile la wateja, lenye kifua cha mwalimu mkuu ukurasa huu na nyonga za mama mwenye mgahawa ukurasa ule. Wewe uligeuza nyuma ukaipima picha. Kifua kilikuwa moyo wa hadithi. Kiuno kilikuwa katikati yake. Urefu kila mtu anauelewa. Pindo lilikuwa mwisho. Hatukuona ajabu yoyote. Tulikua tukidhani kila nyumba inapima.

Ulikuwa mkali, Baba, tuseme ukweli. Picha mpya ya magari yanayoruka kutoka ghorofa moja kwenda nyingine uliipa kifua 26, cha mtoto wa darasa la pili. "Mtu wa picha za siku hizi hali, halali, haendi hata msalani," ulisema. "Nguvu za kupigana anazitoa wapi?" Ile ya mapacha waliopotezana sokoni, ya saa tatu na nyimbo tisa, uliandika: "Kiuno 58. Apunguze nyimbo." Lakini uliitazama mara sita, na mama yao alipowatambua kwa alama ya kovu ulijikuna macho kila mara, ukilaumu feni. Ya yule mwanafunzi wa karate aliyeapa kulipiza kisasi cha mwalimu wake, ulisema mwalimu akishafuga ndevu nyeupe ujue hafikishi nusu saa. Na ile mpya iliyosifiwa sana, ya mume na mke wanaogombana jikoni mpaka mwisho, sote tulisinzia. Wewe peke yako uliipa kifua 42. "Hii imeshonwa kwa mkono," ulisema. "Geuzeni ndani muone. Hakuna uzi unaoning'inia." Mama alisema kama ni kugombana jikoni, angekuonyesha bure.

Halafu macho yakaanza kuondoka. Presha ya macho, walisema, na ilikuwa imeshakula mengi kabla hujatuambia. Ulikuwa ukitunga uzi kwenye sindano kwa ulimi na mazoea, nasi tukakuamini. Siku uliyoshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, ulifunga cherehani, ukaifunika kwa shuka, ukarudi nyumbani mapema. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo," ulimwambia Mama. Kisha ukauliza Jumapili kuna picha gani.

Hivyo tukawa wasimulizi wako, miaka mitatu. Zile picha zilizokwisha kusimuliwa na watu kwenye diski ulizikataa, ukasema msimulizi anaongea kuliko mwenye picha. Ukatutaka sisi.

Mama alisimulia nguo na nyumba. "Amevaa gauni la kijani, halimkai. Jamani, huyu mwanamke vyombo ameviacha hivyo hivyo." Wakati huo watu watatu walikuwa wameshauawa na wewe hujaambiwa. Ndugu yangu, fundi umeme, yeye alisimulia kama anayesoma mita. "Anapigana." Kimya. "Anapigana tena." Ukimuuliza anapigana na nani, anajibu, "Na wale wale." Mwishowe ukasema bora mimi, kwa sababu kazini nasoma mafaili na nina sauti ya kufikisha maneno. Ndugu yangu akaleta flashi iliyojaa picha za zamani na mpya, akaenda zake kufunga nyaya kwenye majengo ya mbali. Mimi nikabaki na wewe Jumapili, na baadaye, ulipodhoofika, karibu kila jioni.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliotuona wakadhani tunajistarehesha hawajui kusimulia picha ya saa mbili baada ya kutwa nzima ya dirishani. Unasoma maandishi ya chini, unataja nani kaingia, nani kavuta droo, na mtu wa pembeni yako anasema, "Amevutaje? Kwa hasira?" Nilichoka. Siku moja, kwenye picha ya wapelelezi, nikaruka kipande. Kesho yake nikaruka viwili. Kisha nikaanza kuwakamata majambazi mapema, ili nikalale. Nilimtia mbaroni mmoja kabla hajaiba. Wewe ulisema, "Ala! Polisi wa siku hizo walikuwa wepesi," ukaniomba maji ya kunywa.

Na ulivyozidi kukonda, nikaanza kuwaponya watu. Steringi akipigwa risasi, mimi nilisema imempita begani. Mama wa steringi akiwa kitandani, nilisema amekunywa dawa na anaendelea vizuri. Sikukusudia kukudanganya, Baba. Maneno yalikuwa yakinifika mdomoni nikaona siwezi kuyatamka kwenye chumba kile, na harufu ya dawa yako ya kuchua, na mifupa ya mikono yako juu ya blanketi.

Mwezi mmoja kabla ya barua ya hospitali tulitazama ya mzee wa reli. Picha ya zamani sana, haina rangi. Mzee anakaa peke yake kwenye kibanda kando ya reli, anaumwa, na kazi yake ni kuwasha taa ya ishara ili treni zipite salama. Usiku wa dhoruba treni inayokuja imembeba mwanawe. Mzee anajikokota, anawasha taa, treni inapita, kijana anapunga mkono dirishani bila kujua kama kuna anayemwona. Mzee anarudi kwenye kiti chake, na pale anakata roho. Taa inaendelea kuwaka.

Nilisimulia mpaka treni ilipopita. Hapo nikakwama. Wewe ukageuza sikio kwenye runinga.

"Mbona muziki umeinama?" ukauliza.

"Amechoka, Baba. Amekaa kwenye kiti. Amelala."

"Amelala?"

"Amelala tu. Mwanawe atashuka stesheni ya mbele, arudi kumwamsha."

"Kumbe amelala," ulisema. Nilipokuuliza vipimo, ulisema utapima siku nyingine.

Sasa nifike kwenye barua, maana ndiyo iliyonikalisha hapa. Waliokaa nasi mwaka huu wanajua kuna jambo ndani ya nyumba yetu, na heri walisikie kutoka kwangu.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nikachukue majibu yako ya hospitali. Bahasha nilifungua nikiwa bado getini kwao, nimeegemea ukuta. Karatasi mbili. Ya kwanza ilieleza vipimo na mahali ini lilipofikia, kwa majina yale magumu. Ya pili ilisema hakuna tiba nyingine, upewe dawa za maumivu, na familia ijiandae. Nilitembea mpaka nyumbani. Sikumbuki nilipitia wapi.

Wewe ulikuwa kwenye kochi. Mama alikuwa akipiga pasi. Ulisikia mlango ukasema, "Mama, umefika? Soma." Ulipenda kuniita mama tangu nikiwa mdogo, na mimi siku hiyo niliona jina hilo ni zito kuliko uwezo wangu.

Nikasoma karatasi ya kwanza neno kwa neno. Kisha nikaipeleka nyuma ya ya pili, nikaitazama ile ya pili, na nikasema, kwa sauti ya dirishani: "Anashauri upumzike, ule vizuri, urudi baada ya miezi mitatu."

"Ndiyo mwisho wake?"

"Ndiyo mwisho."

"Haya," ulisema. "Mama yako atuletee chai."

Karatasi ya pili niliitia kwenye mkoba wangu wa kazini, kwenye ule mfuko wa zipu. Sikumwonyesha Mama. Sikumpigia ndugu yangu. Nilijiambia nitasema Jumapili, kisha Jumapili ikapita na picha yake, na nyingine. Wakubwa walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa wiki saba. Uliondoka Jumanne asubuhi, Mama akiwa amekwenda kukupashia uji.

Ndugu yangu alifika kesho yake na vumbi la saruji bado masikioni. Tulikuwa tukitafuta kadi yako ya hospitali kwa ajili ya kibali cha mazishi, akafungua mkoba wangu. Aliisoma ile karatasi akiwa amesimama karibu na jokofu, akaisoma tena, akatazama tarehe.

"Wiki saba," alisema. "Ulikuwa nayo wiki saba."

Nilifunga zipu ya mkoba.

"Ungeniambia ningekuja siku ile ile, kwa miguu ningekuja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe dada kimekuumbua. Baba umemkatia picha. Na mimi ukanifungia nje ya ukumbi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu mimi mwenyewe kwa karibu mwaka mzima. Baada ya hapo alisema kupitia kwa Mama. "Mama, mwambie dada apitishe chumvi." Na mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Kila Jumapili alikuja, alikula, alirekebisha chochote kilichokuwa kinawaka vibaya, akaondoka. Mama alipitisha maneno na chumvi mpaka akachoka, na Mama akichoka ananyamaza, na nyumba ikanyamaza naye. Usiku nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: je, ulikuwa na la kusema, Baba, na mimi nikakunyima nafasi ya kulisema? Labda ulitaka kumwita mwanao. Labda kulikuwa na neno la Mama. Ulinikabidhi barua nikusomee kwa sababu macho yako yalikuwa mimi, na mimi nikayafumba.

Basi mwezi uliopita tukaanza kuandaa tangazo hili, na tukakosa picha yako nzuri. Zilizopo nyumbani umetazama chini, unashona. Ndugu yangu akamwandikia Kinyozi: "Shikamoo mzee. Tunaomba picha za Baba kwa ajili ya kumbukumbu, hasa zile za zamani." Kinyozi akajibu: "Marahaba mwanangu. Ninazo zote. Jumatatu nakuja nazo."

Jumatatu ni siku anayofunga duka. Ndiyo siku aliyokuwa akija kukunyoa, miaka yote mitatu ya giza lako, na sisi watoto tukiwa kazini. Tuliomba ruhusa wote wawili. Mama alifuta meza, akatandika kitambaa cheupe ili picha zisichafuke. Kinyozi akaingia, akamsalimia, "Shemeji, za tangu juzi," akakaa, akatoa ndani ya mfuko wa plastiki daftari lako la vipimo.

Tulidhani lilitupwa na mabaki ya vitambaa.

"Mzee," ndugu yangu alisema kwa upole, "tuliomba picha."

"Si hizi hapa?" Kinyozi akashangaa. "Picha za Fundi. Mia mbili na kumi na moja. Zamani akiandika mwenyewe, macho yalipokwisha nikawa namwandikia mimi. Ananyolewa huku anapima."

Mama alicheka, Baba. Alicheka mpaka akashika meza. Ndiyo maana tangazo hili halina sura yako hapo juu. Aliyeombwa picha alileta picha.

Tukalifungua. Upande wa vipimo vya watu mwandiko ni wako, umesimama wima. Nyuma, miaka mitatu ya mwisho, ni mwandiko wa Kinyozi, unaolala kama nyasi zilizokanyagwa. Kati ya kurasa kulikuwa na vinywele vyako vyeupe, vifupi, vilivyokuwa vikidondoka mashine ikipita. Mama alivikusanya kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, akaviweka kwenye kisosi. Hatukumwambia aache.

Nikatafuta zile nilizosimulia mimi. Nilizijua kwa tarehe. Ile ya wapelelezi uliandikisha hivi: "Msimulizi, binti mkubwa. Picha ya saa mbili imeisha kwa dakika hamsini. Jambazi amekamatwa kabla ya kuiba. Mtoto amechoka. Urefu unatosha."

Mtoto amechoka. Nina miaka arobaini na sita.

Nyingine: "Risasi imempita begani. Nilisikia mlio, hiyo haikuwa ya begani. Urefu unatosha." Nyingine: "Mama wa steringi amepona. Wamemlilia sana kwa mtu aliyepona. Urefu unatosha." Ulikuwa unajua, Baba. Masikio yalikuwa yakikuonyesha kila nilichoficha, na ulikuwa ukikaa pale unaniitikia "ehe, endelea, mama," ili nimalize nikapumzike.

Kisha ile ya reli. "Mzee wa taa. Mara ya tatu. Mara mbili za kwanza niliiona na Kinyozi ukumbini, bado tunajifunza kazi. Tulilia, tukasingizia moshi wa sigara. Miaka hamsini nikijua amekufa. Jana binti yangu ameniambia alikuwa amelala. Kifua 44. Pindo jipya, limekaa vizuri kuliko la kwanza."

"Kumbe mlikuwa mmeiona?" nilimuuliza Kinyozi.

"Mara mbili siku ile ile," alisema. "Tulijificha chini ya viti tusitolewe."

Ukurasa wa mwisho alitaka kuufunika na kiganja. Alisema huo si wa picha hasa. Alisema aliandika kwa sababu Fundi alimwambia aandike, na kwamba mwaka mzima alidhani tunayajua yote, kwa kuwa nyumba ni yetu na baba ni wetu. Ndugu yangu aliuondoa mkono wake taratibu. Akasoma yeye, kwa sauti, kama anayesoma mita, na mimi nanukuu hapa kama ilivyo.

"Barua ya daktari. Msimulizi, binti mkubwa. Kifua 40. Urefu: nimesikia karatasi mbili, nimesomewa moja. Juzi nimempigia kijana wangu kazini. Alikuwa juu ya ngazi. Nimemsimulia ya mzee wa reli mpaka treni inapita na mtoto anapunga mkono. Nimemwambia mzee alimwona vizuri. Amesikiliza. Asiitwe, amalize kazi ya watu. Shemeji yako nimemwambia yake, ananijua. Pindo amekunja binti yangu kwa mkono wake. Lisifumuliwe."

Ndugu yangu alilishika daftari hivyo hivyo muda mrefu. Aliikumbuka ile simu. Alituambia alikuwa ghorofa ya sita, nyaya mdomoni, na alishangaa mzee ana nini leo na habari za treni. Alitaka kusema "nitakupigia baadaye, Baba," lakini kitu kikamwambia asubiri mpaka treni ipite. Alipofika hapo alitoka nje, akasimama uani na mgongo wake umetugeukia, na Kinyozi akaanza kukunja mfuko wake wa plastiki mara nne, mara nane.

"Uliambiwa nini?" nilimuuliza Mama.

"Ya kwangu," Mama alijibu. Akabeba kisosi chake akakipeleka chumbani.

Sikupata nafuu ile inayosemwa, Baba, nisikudanganye tena. Bado natamani ningekuwa na ujasiri wa karatasi ya pili. Ungesema maneno yako nasi tumekaa wote, badala ya kuyapitisha kwa simu na kwa wembe. Lakini nililia, na nilikuwa nimesahau inavyokuwa.

Ndugu yangu aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu. Alivuta pazia. Aligeuza feni. Akasimama mbele ya kochi lako, akanitazama mimi, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa Mama.

"Dada," alisema, "rimoti iko wapi?"

Ilikuwa mbele yake, kwenye mkono wa kochi. Nikaichukua nikampa.

"Kaa hapo," alisema. "Fumba macho. Leo nasimulia mimi."

Nikakaa mahali pako, nikafumba macho. Sijui aliweka picha gani. Nilisikia milio, nikasikia Kinyozi akivuta kiti, nikasikia ndugu yangu akikohoa kidogo kusafisha sauti.

"Anapigana," alisema.

Kimya.

"Anapigana tena."

"Na nani?" niliuliza.

"Na wale wale."

Mama aliniwekea khanga miguuni. Milio ikaenda mbali, ndugu yangu akaendelea kunieleza ngumi moja baada ya nyingine, kwa uaminifu wake wote, na kitu cha mwisho nilichosikia ni Mama akimwambia, "Punguza sauti. Dada yako amelala."

Ndugu yangu anasema tangazo limekuwa refu. Wewe ungesema kiuno kimezidi kifua. Liache hivyo, nimechoka kukata.

Unakumbukwa na mke wako, anayeifuta rimoti. Na mwanao fundi umeme pamoja na mkewe. Na wajukuu wako wanne, ambao sasa wanasema picha. Na Kinyozi, ambaye Jumatatu bado anakuja, anakunywa chai, anakaa upande ule ule. Na mimi binti yako mkubwa, msimulizi wako.

Daima tutakukumbuka, Baba. Pindo tumeliacha kama ulivyosema.